Kisu cha 4,800 kimeshindwa na cha mamangu cha 200: chuma kizuri mwakijuaje kabla ya kutoa pesa?

#1 BintiKuze
Salamu zenu. Nina jambo limenikera wiki ya tatu hii, wenye ujuzi nisaidieni.

Mimi ni mpishi wa shughuli, harusi na hitima, hapa Mji wa Kale, Mombasa. Biriani ya watu 300 ni gunia zima la vitunguu, na gunia hilo lakatwa kwa mkono. Mwezi uliopita nilidunduliza nikanunua kisu cha shilingi 4,800. Kimeandikwa VG-10, eti jina la chuma chake, tabaka 67, ubapa una mawimbi ya kupendeza, kimelazwa ndani ya sanduku la mbao kama mkufu wa bibi harusi. Siku ya kwanza nyanya zilikuwa zikijikata zenyewe. Siku ya sita kikawa kinaziponda. Juzi nimekisugua kwa waya wa sufuria, na mawimbi yenyewe yakaanza kufutika.

Jikoni mwangu kuna kisu kingine, cheusi, mpini umefungwa kamba ya mshipi. Mamangu alikinunua Kongowea kwa shilingi 200 kabla mimi sijaolewa. Hicho mpaka leo chakata kitunguu chembamba hadi waona mwanga upande wa pili.

Mtu asiye na mashine, amesimama dukani na pesa mkononi, ajuaje chuma kizuri? Na zile 4,800 zilikwenda wapi: kwenye chuma, kwenye jina au kwenye sanduku?

#2 Kisauni_Juu
Pole dada. Dawa ni rahisi: tembea na sumaku ndogo. Ikinata kwenye kisu, hiyo si stenlesi, ni bati. Isiponata, lipa. Mimi hununua vijiko na sufuria hivyo miaka yote na sijawahi kujuta.

#3 MwalimuKemia
Ndugu yangu wa #2, kwa sufuria huenda ukapatia, si kila mara, lakini kwa kisu utawapoteza watu.

Stenlesi ya vijiko na sufuria, ile iliyopigwa chapa 18/10, ina kromiamu asilimia 18 na nikeli asilimia 10. Nikeli hiyo ndiyo inayoifanya sumaku isinate. Lakini chuma cha aina hiyo hakikazwi kwa moto hata ukichome siku nzima, kwa hiyo hakiwezi kubeba makali. Kisu kinataka chuma kinachokazika, na stenlesi inayokazika hushikwa na sumaku. Ukimfuata Kisauni utarudi nyumbani na kijiko kilichochongwa umbo la kisu.

Sumaku yakwambia jambo moja tu: kisu kisichonata kikatae. Kinachonata bado hujajua kitu.

#4 MpishiNyali
Nimekaa jikoni za hoteli za ufukweni miaka 14. Jambo la kwanza, soma maandishi karibu na mpini. Kisu cha maana husema ni chuma gani. Visu vya Wachina vyasomeka kama leso, ujumbe uko pale pale: 3Cr13 ni kaboni karibu asilimia 0.3 na kromiamu 13, 5Cr15MoV ni kaboni 0.5 na kromiamu 15, 8Cr13MoV ni kaboni 0.8 na kromiamu 13. Kaboni ndiyo ukali, kromiamu ndiyo kinga ya kutu. Cha 0.3 ni cha kupaka siagi. Wajerumani huandika X50CrMoV15, nayo ni ile ile 0.5 na 15. Hiyo utaikuta katika jikoni nyingi za hoteli.

VG-10 ya kweli ni ya Japani, kaboni karibu asilimia 1. Dada Binti, chuma hicho hakiishiwi makali kwa siku sita za vitunguu. Umeuziwa jina.

#5 FundiChangamwe
Mpishi, naheshimu miaka yako 14, lakini hapo nakupinga. Maandishi hayakati.

Mimi nafua mapanga na visu. Chuma ni kama unga wa chapati. Unga ni ule ule, mmoja atoa chapati inayochambuka, mwingine atoa ngozi ya ngoma. Kazi yote iko kwenye moto. Nakichoma chuma mpaka sumaku ikiache, hapo ni kama nyuzi 770, nakiongeza moto kidogo, kisha nakizima kwenye mafuta. Kikitoka hapo ni kigumu kama chupa, na kama chupa ukikiangusha kwenye sakafu chapasuka. Kwa hiyo nakirudisha kwenye moto mdogo, nyuzi 200 hivi, saa mbili, mara mbili. Hapo ndipo kisu kinapozaliwa. Mtu akiruka hatua hiyo ya mwisho, makali yatamegeka. Akizidisha, makali yatalala. Jina la chuma litabaki lile lile kwenye ubapa katika hali zote tatu.

Nataka kumwuliza dada swali moja: siku ya sita kilipogoma, ulikipeleka kwa nani kukinoa?

#6 BintiKuze
Kwa kijana mwenye cherehe ya mota. Cheche ziliruka mpaka barabarani na kisu kikawaka moto, hata alikishika kwa kitambaa. Kilikata siku mbili, kikarudi kule kule. Ila kumbuka fundi, kilishagoma kabla ya yeye kukigusa.

#7 FundiChangamwe
Basi una maradhi mawili. Kwenye cherehe kavu ncha ya makali ni nyembamba kama unywele, na moto wote huishia pale. Kwa chuma cha kaboni ukiona rangi ya samawati imetokea, umeshafika kama nyuzi 300 na ugumu umeondoka. Kiwanda nacho hunoa kwa mkanda unaokwenda mbio, kwa hiyo huenda makali ya mwanzo yalikuwa yameungua tangu hukohuko. Nimeona visu vingi vipya vibovu mwezi wa kwanza, vikishanolewa kwa mkono mara tatu nne vikawa vizuri, maana sehemu iliyoungua imekwisha.

#8 NahodhaMtongwe
Nyinyi nyote mwazungumza ukali. Mimi nazungumza kutu. Sisi huku twaishi ndani ya chumvi, kisu chaweza kuwa kikali kama wembe na usiku mmoja wa kusi kikaamka na madoa mekundu.

Nshatumia kila aina chomboni. Kisu cheusi cha kaboni chakata nguru vizuri, lakini usipokipangusa ukakipaka mafuta kila unapomaliza, mwezi mmoja kimekwisha. Stenlesi ya kawaida nayo hupata vitundu vidogo vidogo pale kwenye mpini ambapo maji ya bahari hukaa. Mwana wa ndugu yangu aliyoko Dubai akaniletea kimoja kimeandikwa H1. Mwaka wa nne huu chalala kwenye maji ya ngama, yale yanayotuama chini ya chombo, na hakina doa. Kukata kwake ni wastani, sitawadanganya, hunoa kila siku. Lakini kipo. Vikali vilivyopita havipo.

#9 MwalimuKemia
Nahodha shikamoo, umenifurahisha kutaja H1. Hicho ni chuma cha Japani kilichotiwa naitrojeni. Kaboni ikiwa nyingi huikamata kromiamu ikajifunga nayo, na kromiamu iliyofungwa hailindi tena. H1 ina kaboni ndogo sana, karibu asilimia 0.15, ndiyo maana chumvi haipati pa kuingilia na ndiyo maana unakinoa kila siku. Kromiamu isiyofungwa hutandaza utando mwembamba juu ya chuma, na chumvi ya bahari ndiyo adui anayeutoboa utando huo. Vile vitundu ulivyoviona ndivyo hivyo.

Kuhusu ugumu, kuna kipimo cha Rockwell, mashine inayokandamiza ncha ya almasi kwa uzito wa kilo 150 na kupima imezama kiasi gani. Panga huwa kwenye 45 hadi 50 na kitu. Visu vya Kijerumani 55 hadi 58. Vya Kijapani 60 na kupanda. Tupa ya fundi ni juu zaidi ya hapo. Duka lisilotaja namba hiyo si lazima likuibie, lakini linalotaja 62 kwenye kisu cha shilingi 300 linakuibia.

#10 Dada_Tudor
Mbona hakuna aliyeuliza la msingi? Dada Binti, wakatia juu ya nini?

#11 BintiKuze
Juu ya jiwe la marumaru. Ni la meza ya zamani ya nyanya, ni zuri na husafishika.

#12 Dada_Tudor
Haya, mmesikia. Marumaru! Si VG-10, si H1, si nini. Kisu chochote ukikigonga juu ya jiwe kila pigo, makali hujikunja. Nunua kibao cha mbao, kesi imekwisha.

#13 BintiKuze
Dada wa Tudor, nakubali jiwe si zuri, lakini cha mamangu kimekatia juu ya jiwe hilo hilo miaka 19. Nieleze hapo.

#14 BuchaMajengo
Nieleze mimi. Cha mama ni laini. Chuma laini kikigonga jiwe hujikunja, hakimegeki. Mama yako akikipitisha mara mbili tatu chini ya kikombe, pale kwenye duara lisilong'aa, makali yanasimama tena. Umewahi kumwona akifanya hivyo?

Sisi buchani hatutaki kisu kigumu. Nilipewa cha Kijapani na mteja aliyesafiri, zawadi ya heshima. Pigo la kwanza kwenye kiungo cha mbuzi kikatoka kipande cha ukubwa wa punje ya mchele, na nilikaa saa nzima nikitafuta kipande hicho ndani ya nyama kabla sijamuuzia mtu. Sikulala vizuri siku ile. Kisu kigumu ni cha samaki asiye na mfupa na mboga. Mimi natumia cha Uswisi cha mpini mweusi wa plastiki, Victorinox, kina ugumu wa 56 hivi, na nakipitisha kwenye chuma cha kunolea kila baada ya mnyama mmoja. Hakina mawimbi, hakina sanduku, nacho kinalisha watoto wangu.

#15 BintiKuze
Bucha, umenitoa machozi. Ndiyo, mamangu alikuwa akikipitisha chini ya kikombe cha chai kila asubuhi, na mimi nimeendelea bila kufikiri. Kile cha 4,800 sijawahi kukipitisha popote, niliogopa kukiharibu.

#16 MtuWaTsavo
Mie si mtu wa jikoni, mie hulala porini. Mtwapa ni nyumbani, lakini kila likizo niko Tsavo au Shimba. Huko kisu chapimwa vingine: kitapasua kuni ya mgunga iliyokauka bila kukatika mpinini?

Chuma cha pili, mpini kwanza. Ukitaka kisu kikubwa cha kupasulia kuni, angalia chuma kimepita mpaka mwisho wa mpini, si mkia mfupi uliogundishwa kwa gundi. Baada ya hapo, chuma chenyewe. Wamarekani wanapenda 1095, yaani kaboni asilimia 0.95 na kromiamu karibu hakuna, kigumu, kinanolewa kwa jiwe la mtoni, ila ukipiga hema Diani usiku mmoja kinapata upele. Wasweden wana Mora, nyingi ni za 12C27 au chuma jamaa yake, kaboni kama 0.6 na kromiamu 13.5. Kisu hicho ni miongoni mwa rahisi kabisa katika visu vya nje vya kuaminika. Mie ninacho na nimetengenezea vigingi, nimechinjia, nimefungulia mikebe. Kuna watu wamelipa mara kumi yake na kuni zao si nyembamba kuliko zangu.

#17 NahodhaMtongwe
Mwanangu wa Tsavo, wewe walala porini na kisu cha Sweden, mvua ikinyesha waja kuomba lifti ya chombo changu. Nakukumbuka wewe. Siku ile Funzi ulinikatia kamba kwa kisu hicho hicho, na kilikata. Nashuhudia.

#18 MjukuuWaMgema
Mwamsahau bingwa wa visu pwani nzima: mgema. Babu yangu aligema huko Kaloleni mpaka uzeeni. Kotama yake, kisu cha kugemea, ilikuwa nyembamba kiasi kwamba ukiipiga kwa kucha inalia. Mgema akata karara ya mnazi kwa ukanda mwembamba kila mara apandapo, asubuhi na jioni. Akikata nene, karara inakwisha kabla ya siku zake. Akikata kwa makali butu, anauponda mshipa wa utomvu na tembo halidondoki. Tena anakata akiwa juu ya mnazi mrefu, mkono mmoja umeshika mti.

Babu hakuwahi kujua asilimia ya kaboni. Alimwambia mhunzi: nifanyie nyembamba. Basi. Mimi nasema kisu cha dada kimeshindwa kwa sababu ni kinene nyuma ya makali. Hivi vya urembo hutengenezwa vinene vionekane vya thamani. Makali ya mwanzo yakilala kidogo tu, kilichobaki ni kabari. Cha mama kimenolewa miaka 19, kimekuwa ukuti. Chembamba kikiwa butu bado chapenya kitunguu.

#19 MpishiNyali
Mjukuu, hoja hii naikubali kuliko yangu mwenyewe ya #4. Weka visu viwili kwenye karoti. Kinene hupasua, yaani karoti inatoa mlio na kuruka. Chembamba hukata kimya. Angalia kisu kutoka mbele, kwenye ncha, ukitazama mgongo unavyoshuka hadi makali. Hilo waweza kulifanya dukani bila mashine na muuzaji hawezi kulificha.

Fundi, niambie, hivyo visu vya springi za lori mnavyouza vyashinda hivi vya dukani kweli?

#20 FundiChangamwe
Baadhi. Springi ya lori kwa kawaida ni chuma chenye kaboni karibu 0.6. Wamarekani wana 5160, nyingine zina silikoni nyingi. Kinavumilia kugongwa, ndiyo maana chatengeneza panga zuri. Lakini springi zote si mama mmoja baba mmoja, na iliyobeba mawe miaka 20 yaweza kuwa na nyufa usizoziona. Mimi huchoma kipande kidogo, nakizima, nakivunja kwenye vaisi nitazame punje zake. Zikiwa laini kama majivu, nafanya kazi. Zikiwa kubwa kama chumvi ya mawe, nilizidisha moto au chuma ni kibovu.

Jihadharini na kisu cha nondo. Nondo ya ujenzi ina kaboni kidogo, haikazwi. Hung'aa, hukata wiki moja, halafu basi. Wapo wanaoviuza vikiwa vimepakwa mafuta meusi vifanane na vya springi.

#21 Msomaji_wa_Makale
Uzi mtamu. Niongeze la zamani. Kiswahili chenyewe kilishatenganisha haya kabla ya viwanda: kuna chuma, kuna pua, yaani chuma cha makali, na kuna feleji, pua iliyo bora. Upanga wa feleji ulikuwa wa watu wenye jina. Na pwani hii haikuwa mnunuzi tu. Al-Idrisi, aliyemaliza kitabu chake cha jiografia Sisilia mwaka 1154, aliandika kwamba watu wa Malindi na Mombasa walikuwa na machimbo ya chuma. Tulikuwa tukiuza chuma wakati huo.

Yale mawimbi ya panga za kale za Dameski nayo yalitokana na chuma cha vyungu kilichoyeyushwa India Kusini na Sri Lanka. Mawimbi yalikuwa ndani ya chuma chenyewe, si mchoro. Ya leo huwa ni tabaka za vyuma viwili zilizokunjwa pamoja, na makali yanatoka kwenye chuma cha katikati, hivyo hata yakiwa ya kweli ni pambo.

Stenlesi nayo ilianza kwa kudharauliwa. Harry Brearley wa Sheffield aliipata mwaka 1913, na mafundi visu wa mji wake wakasema ametengeneza kisu kisichokata. Hawakujua bado namna ya kukikaza.

#22 FundiChangamwe
Hapo pa mwisho papigieni mstari! Chuma kilikuwa sawa, moto ndio uliokosewa. Nimesema tangu #5.

#23 Kisauni_Juu
Kila mwamba ngozi, fundi, kila mwamba ngozi.

Mwalimu, nilikosea kwenye sumaku na nashukuru kwa kunirekebisha. Lakini kugonga je? Babangu hugonga ubapa kwa kucha, ukilia *ting* mrefu ananunua.

#24 MwalimuKemia
Mlio wategemea unene, urefu na jinsi mpini ulivyofungwa. Bati jembamba nalo hulia. Mheshimu baba, lakini hapo asibashiri.

#25 MpishiNyali
Kuhusu majina bandia. Neno "Solingen", mji wa Ujerumani, kwenye kisu lalindwa na sheria ya Ujerumani tangu 1938: ni lazima kazi za msingi zifanyike katika eneo hilo la Solingen. Kwa hiyo ukiona "mtindo wa Solingen" au "chuma cha Kijerumani" bila jina la kiwanda, hiyo ni lugha ya kupaka rangi. Na mawimbi: tazama mgongo wa kisu. Tabaka za kweli utaziona pale juu pia, na upande wa kulia haufanani kabisa na wa kushoto. Yaliyochorwa kwa leza hufanana kama picha ya kioo na mgongo ni mtupu.

#26 MamaLikoni
Jamani mimi nawasoma tangu #1 na bado sijui ninunue nini. Nina shilingi elfu moja na ninauza maembe mabichi ya kukata, ya pilipili na chumvi, karibu na feri. Kisu changu cheusi chayafanya maembe yawe na rangi ya kijivu na wateja wanauliza.

#27 MwalimuKemia
Mama, hiyo ni asidi ya embe inayokula chuma cha kaboni. Haina sumu, lakini ladha ya chuma huhisika. Wewe tafuta stenlesi, usijali makali ya muda mrefu. Kisu kidogo chembamba cha 5Cr15MoV au cha Kijerumani cha aina ile ya #4, na pesa itakayobaki nunulia kitu cha kunolea. Chumvi na asidi ya embe pamoja ndio mtihani mkali kuliko bahari ya Nahodha, kwa hiyo kisuuze kila wateja wakipungua.

#28 NahodhaMtongwe
Mkali kuliko bahari? Mwalimu, njoo Mtongwe tuzungumze. Ila kwa mama huyu umesema kweli.

#29 FundiChangamwe
Niwape vipimo viwili vya mtu maskini, kisha nirudi kazini. Cha kwanza, tupa mpya ya hadwea. Iguse kidogo pale karibu na mpini, pasipoonekana. Ikiteleza kama juu ya kioo, chuma ni kigumu. Ikiuma na kung'oa unga, ni laini. Ikiuma kidogo kwa shida, ndicho kisu cha kazi cha kawaida. Cha pili ni cheche za grainda, kwa kipande unachoweza kukipoteza: kaboni nyingi hutoa cheche nyeupe zinazopasuka kama fataki za Idi, nondo hutoa michirizi mirefu isiyo na matawi mengi, stenlesi ni fupi na zina wekundu.

Dada Binti, lete visu vyote viwili karakana. Sitoi bili.

#30 BintiKuze
Nimerudi, na ninayo majibu, ila sijui kama yatawapatanisha.

Nilikwenda Changamwe Jumamosi. Tupa kwenye cha mamangu iliuma kidogo. Kwenye cha 4,800, katikati ya ubapa tupa iliteleza kabisa. Lakini pembeni kwenye makali yenyewe iliuma. Fundi akaniambia nitazame kwa macho yangu mwenyewe. Akakaa na kinoo na ndoo ya maji muda wa saa moja na nusu, akaondoa kama milimita moja ya makali, tena akakipunguza unene juu ya makali kama Mjukuu alivyosema. Mawimbi akayapiga msasa, tukapaka ndimu na siki kali kuona kama yatarudi. Hayakurudi. Yalikuwa mchoro. Mgongo nao mtupu kama alivyosema Mpishi.

Tangu hapo nimefanya harusi mbili na hitima moja. Kisu kinakata. Jana nililikatia gazeti la Taifa Leo, kikashuka bila kurarua. Lakini pia nimeacha marumaru, nakatia juu ya mbao ya mwembe.

#31 FundiChangamwe
Makali yalikuwa yameungua. Mmeona wenyewe.

#32 Dada_Tudor
Au ni kibao. Rudi kwenye marumaru wiki moja utuambie.

#33 MjukuuWaMgema
Umesoma hapo alipoandika "akakipunguza unene"?

#34 MpishiNyali
Mimi swali langu ni lingine. Mawimbi ni ya uongo, basi na VG-10 je? Tupa kuteleza kwaonyesha ni kigumu, hakwonyeshi jina. Bila mashine ya kusoma kemia ya chuma hatutajua. Ikiwa ni chuma cha kawaida kilichokazwa vizuri, basi dada amelipa bei ya jina na kupata kazi ya moto, na saa moja na nusu ya fundi ambayo haikuwa kwenye bei.

#35 BintiKuze
Hilo ndilo linalonichoma. Kisu sasa nakipenda, muuzaji sitamsamehe. Na saa ya fundi nimeilipa kwa sinia la biriani, alikataa pesa. Cha mamangu kiko pale pale, na sasa naviweka pamoja. Kila asubuhi navipitisha vyote viwili chini ya kikombe.

#36 BuchaMajengo
Cha 4,800 usikipitishe kwa nguvu kama cha mama. Ikiwa tupa iliteleza, ni kigumu, kipitishe polepole, pembe ndogo, nyuzi 15 hivi kila upande. Na mfupa usikiguse kamwe.

#37 MamaLikoni
Nimeshuka feri, niko Biashara Street. Nimepata kisu kidogo, kimeandikwa X50CrMoV15 karibu na mpini, tazama mgongo mwembamba kweli, 650. Kinoo chenye punje za namba 1000 upande mmoja na 6000, laini zaidi, upande wa pili wanataka 1,800. Pesa haifiki. Niache kisu nichukue nini?

#38 FundiChangamwe
Mama, chukua kisu. Kinoo ninacho cha ziada, cha 1000, kimelika katikati lakini nitakisawazisha juu ya sakafu ya saruji. Nitakushushia Ijumaa nikivuka kwenda Ukunda. Kiloweke dakika kumi kabla ya kukitumia, na uniwekee embe moja lisiloiva sana.